Msingi Uliokula Bati

Wengi wenu mkija kwangu Konde siku hizi huja na picha ya nyumba kwenye simu. Mnaivuta kwa vidole viwili ili nione madirisha vizuri, kisha mnauliza, "Babu, hii inaweza kusimama kwa shilingi ngapi?" Nami hukuulizeni: itasimama wapi? Mnadhani nakwepa swali. Sikwepi. Nyumba ya kwenye simu imesimama juu ya uwanja uliolala, na kiwanja chako, kama kiko katika Pemba hii ya vilima na mabonde, kina mawazo yake.

Mimi nimeshaweka mwiko chini. Mgongo umekataa, na macho hayauoni uzi ukiwa mbali. Nilichobaki nacho ni maneno, na kwa kuwa hakuna anayenunua maneno ya fundi mstaafu, nayatoa bure. Ukiyachukua, vizuri. Usipoyachukua, duka la vifaa liko hatua chache kutoka mlangoni kwangu, na mwenyewe atafurahi kukuona.

Nianze na saruji, kwa sababu ndiko mnakoanza nyinyi. Mtu akishauza karafuu, fedha ikawa mkononi, anaogopa isije ikamalizikia kwenye harusi na nguo za Sikukuu. Basi hukimbilia dukani, akanunua mifuko thelathini ya saruji, akaipanga chumbani, akawaambia watu kwamba ameshaanza kujenga. Hajaanza kitu. Hewa yetu ina unyevu, na saruji huvuta maji hata ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Masika moja tu ikipita, unakuta umehifadhi mawe. Nimewahi kualikwa nyumba moja Pujini, nikakaribishwa kukaa, na kile nilichokalia kilikuwa mfuko wa saruji iliyoganda, umefunikwa kitambaa cha maua. Mwenyewe alikuwa na viti kumi na viwili vya namna hiyo. Kama unataka kuificha fedha ya karafuu isikuponyoke, nunua mawe ya msingi na kokoto. Hivyo vinaweza kunyeshewa miaka mitatu visikudai kitu.

Mchanga nao una mambo yake. Pale ambapo lori halifiki, mchanga huletwa na gari la ng'ombe, na unauziwa kwa gari. Sasa gari lipi? Lipo la ubao mmoja ubavuni, lipo la mbao mbili, na lipo ambalo ubao wa pili umevunjika tangu zamani na bei haijui habari hiyo. Mimi nilikuwa nikipima gari la kwanza kwa karai, mbele ya mwenye ng'ombe, nikiandika kwenye daftari polepole ili aone. Magari yaliyofuata yalikuja yamejaa mpaka yanamwagika njiani. Na mkishawishiwa kuchukua mchanga wa pwani kwa sababu ni rahisi, kumbukeni una chumvi. Plasta yake hutoka jasho kila mvua zikirudi, rangi ikabanduka, na kila mwaka utanunua rangi nyingine.

Aliyenifunza kazi hii alikuwa Mzee Kombo, mwashi wa zamani aliyejenga nusu ya nyumba za mawe za upande wetu bila kumiliki futi. Alipima kwa mkono wake, dhiraa kwa dhiraa, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Siku moja alinituma niagize boriti za dhiraa saba. Nikaenda, nikanyoosha mkono wangu, nikapimia. Yeye alikuwa mfupi na mimi ni huyu mnionaye. Boriti zikaja zimeuzidi ukuta kwa zaidi ya shubiri mbili kila moja. Mzee Kombo alizitazama, akanitazama na mimi kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Bora zimezidi," akasema. "Ungelikuwa kibeti, tungelibomoa ukuta. Siku nyengine uliza kwanza, dhiraa ya nani."

Mnacheka, lakini nyinyi mnafanya hivyo hivyo kila siku. Mnaambiwa bei ya bati mnaondoka mbio, hamkuuliza geji, yaani unene wake. Bati jembamba ni la bei nafuu, na upepo wa kusi unalijua. Mnaambiwa bei ya mlango, hamkuuliza kama fremu imo. Bei isiyo na kipimo chake haijawa bei.

Alikuwa na tabia nyingine Mzee Kombo. Akiitwa kukadiria nyumba, kabla hajataja kitu aliomba ndoo ya maji. Alisimama pale utakapokuwa mlango wa mbele, akaimwaga yote, kisha akakaa kitako kutazama maji yanakwenda wapi na yanakwenda kwa haraka gani. Mimi kwa ujana wangu nilidhani ni mambo ya dua, au ni uganga fulani wa kuwatisha wenye viwanja. Sikumuuliza. Nikaondoka kwake, nikavuka kwenda Unguja kutafuta maisha, nikakaa huko miaka ishirini na saba nikijenga nyumba juu ya ardhi iliyolala kama mkeka. Huko nilijifunza kukadiria vizuri sana. Nilikuwa naangalia ramani, nafumba macho kidogo, nataja tofali, saruji, nondo, bati na misumari, na mwisho wa kazi inabaki mifuko miwili au mitatu. Nikajiona nimefika.

Niliporudi nyumbani, jina lilikuwa limenitangulia. Ndipo aliponijia Bi Raya wa Tumbe.

Bi Raya alikuwa mjane, mama wa watoto wawili wa kike, na kazi yake ilikuwa samaki. Alinunua alfajiri pale wanaposhushwa, akakaanga, akauza jioni. Mumewe alipofariki na eda ikaisha, aligaiwa thumni yake, sehemu moja ya nane ya mali ya marehemu, akalipwa kwa fedha taslimu. Kaka yake akampa kipande cha ardhi ya baba yao pale pale Tumbe. Alikuwa bado anaishi katika nyumba ya ukweni, chumba kimoja na watoto wake, na hakuna aliyemfukuza. Lakini mtoto wa shemeji yake alikuwa anaoa, harusi imewekwa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na chumba cha bwana harusi kilikuwa hicho hicho. Tulikuwa mwanzo wa Rajabu. Alikuwa na miezi mitatu. Akishindwa, ingembidi ahamie kwa dada yake Pujini, mbali na samaki wake na mbali na skuli ya watoto.

"Fedha ni hii," aliniambia, akaiweka mbele yangu katika kitambaa. "Hakuna nyengine nyuma yake. Nambia inatosha au haitoshi. Ikiwa haitoshi, sianzi."

Nilikwenda kukiona kiwanja. Kilikuwa kimepandwa muhogo mrefu, umefungamana, ukisimama mbele huoni nyuma. Nilipiga hatua kwa upande wa njia, nikaingia ndani kidogo, majani yakanipiga usoni, nikatoka. Nikakaa nikaandika. Vyumba vinne, ukumbi, baraza ya mbele, bati. Kila kitu kwa kipimo cha Unguja. Nikamwambia inatosha, na itabaki kidogo ya rangi. Aliniuliza kama nina hakika. Nilichukia kuulizwa.

Muhogo ulipong'olewa, tukafunga kamba mimi na mwenzangu Faki, fundi wa makamo ambaye hajawahi kuvuka kwenda popote. Kamba ya msingi hufungwa ikiwa imelala sawasawa, hiyo mnajua. Upande wa mbele ilinigusa kifundo cha mguu. Nikaifuata kwenda nyuma, kuelekea bonde la mpunga. Nilipofika pembe ya mwisho, kamba ile ile ilikuwa kifuani mwangu. Ndipo nilipoielewa ndoo ya Mzee Kombo.

Nifafanue kwa yule ambaye hajajenga. Nyumba yote lazima ikae juu ya kimo kimoja. Ardhi ikishuka, msingi ndio unaopanda kuifidia, na ukishapanda, ndani yake unajazwa kifusi mpaka juu. Mawe mara mbili, saruji mara mbili, kifusi malori. Vitu hivyo vyote huzikwa, na hakuna mgeni atakayekuja kuvisifu. Nilisimama pale pembeni nikapiga hesabu kichwani, na hesabu ilinijibu mara moja: fedha ya bati yote itaingia ardhini.

Hapo ndipo pa kumwita mwenye nyumba. Natamani niseme nilimwita. Sikumwita. Nilimwambia Faki tuendelee, nikijidanganya kwamba nitabana huku na huku. Tukajenga siku kumi. Mbele tukaenda upesi, nyuma tukawa tunalisha shimo. Mawe yakaisha, saruji ikaisha, na ukuta wa msingi wa nyuma haujafika hata kiunoni. Fedha alikuwa nayo Bi Raya, akinitolea kwa awamu, na ikabidi niende kumwomba awamu ambayo haikuwemo katika karatasi yangu.

Faki alikuwa na dawa yake. "Mwambie saruji imepanda, yakhe. Nani atakwenda kuuliza?"

Vijana, nawapeni siri ya mafundi wote. Maneno "vitu vimepanda" ndiyo shuka tunayojifunika. Tukisahau kuhesabu lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, vitu vimepanda. Tukivunja tofali, vitu vimepanda. Na kwa kuwa kweli vitu hupanda, mtu hana la kusema. Nilimwambia Bi Raya saruji imepanda. Aliniuliza imepanda lini. Nikasema Jumatatu. Akasema haya.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ambayo yeye hauzi. Baada ya sala ya alasiri alifika kwenye kiwanja, kanga yake imeingia vumbi la barabara, akatusalimu vizuri, akasubiri Faki aondoke na baiskeli. Kisha akakaa juu ya msingi wa mbele.

"Nimetoka Konde," alisema. "Nimepita maduka matatu. Saruji bei yake ni ile ile tangu mwezi wa Rajabu haujaandama. Sasa kaa hapano, fundi, unambie kweli."

Duka la kwanza kati ya hayo matatu lilikuwa lile la jirani yangu. Nilikaa. Nilimwambia yote: muhogo, hatua nilizopiga kwa uvivu, kamba iliyonifika kifuani, siku kumi za kunyamaza. Sikuwa na maneno ya kupamba. Niliona haya, haya ya mtu mzima, ambayo ni mbaya kuliko ya mtoto kwa sababu huna pa kukimbilia.

Aliuangalia ule msingi wa nyuma, mawe mapya meupe, akawa kama anayahesabu.

"Pujini kwa dada yangu n'takwenda kufanya nini miye?" alisema. "Samaki wako huku. Wateja wako huku."

Hakupandisha sauti. Ningependa apandishe. Nilimwambia nitajenga bila ujira mpaka nilipe. Akanitazama kama muuzaji anavyomtazama mteja aliyetaja bei ya kipuuzi.

"Ujira wako hauezeki nyumba. Nambia, katika nyumba ino, sehemu ipi inayokula sana?"

Swali hilo, katika miaka yote ya kazi, hakuna mteja aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikuwahi kujiuliza. Nilichukua kijiti nikamchorea chini. Vyumba viwili vya mbele na ukumbi vilikuwa juu ya ardhi ngumu, msingi mfupi, karibu umeisha. Vyumba viwili vya nyuma vilikuwa nusu ya nyumba kwa ukubwa, lakini kwa gharama ya msingi vilikula zaidi ya mara tatu ya vile vya mbele. Alitazama kidogo tu.

"Basi nyuma acha," akasema. "Kuwe uwa wazi. Jiko n'tatia makuti. Yang'oe mawe yanayong'oleka uyalete mbele."

Nikamwambia kama tunapunguza, tuondoe na baraza, maana ni saruji nyingi kwa kitu cha kukalia. Hapo alikataa kabisa. Baraza ndiyo duka lake, alisema. Watu wanaonunua samaki jioni watasimama wapi? Chumba kinaweza kungoja mwaka mwengine lakini wateja hawangoji. Nilikuwa nimeiandika baraza mwisho wa orodha yangu, chini ya rangi. Yeye aliiandika mwanzo. Tangu siku ile, mtu akinijia, kabla ya ramani namuuliza anakula kwa kazi gani, kisha ndipo naanza kupanga nini kijengwe kwanza.

Ilipofika kumwaga sakafu, Faki akatoa shauri jengine: tualike watu. Mnajua desturi yetu, unawaambia jirani, wanakuja na makarai yao, zege linamwagwa siku moja, hulipi mtu. Hata mimi niliona ni nafuu. Bi Raya akahesabu kwa vidole, amesimama. Watu arubaini ni mchele kiasi gani, nazi ngapi, chai na maandazi ya asubuhi, na samaki wake mwenyewe ambao siku hiyo hatawauza, kwa sababu hawezi kumpa mtu wali mkavu akaja kusemwa kijiji kizima. Vibarua sita wa kulipwa, alisema, hujitafutia muhogo wao. Tukachukua vibarua sita, na gharama ilitoka chini ya nusu ya ile ya kulisha watu. Sisemi muache kusaidiana. Nasema mkiandika makadirio, kazi ya bure muiandikie bei ya sufuria.

Kuta zikapanda. Nilikuwa napima sasa kila jioni, tofali zilizoingia na mifuko iliyobaki, na nampelekea yeye hesabu kabla hajaiuliza, siku nzuri na siku mbaya. Ni kazi ya dakika tano. Ukiifanya kila siku, kosa linakuwa la siku moja. Ukingoja mwisho wa mwezi, kosa linakuwa limeshaota mizizi. Kulikuwa na siku nilimpelekea habari kwamba tofali ishirini zimevunjika kwa mvua ya ghafla, na nilimpelekea siku ile ile, zikiwa bado mbichi.

Bati zilipigwa katikati ya Ramadhani, sote tumefunga, jua la juu ya kenchi, zile mbao za paa, halina huruma. Zilikuwa bati za geji aliyoitaka yeye. Alikwenda kuzichagua mwenyewe, na safari hii mimi nilikuwa nyuma nikibeba. Kumi la mwisho la mwezi lilipoingia, yeye na wanawe wakahamia. Milango ya ndani haikuwepo, walitundika mapazia. Madirisha mawili yalizibwa kwa mbao. Masika ilianguka siku nne baadaye, na sikulala vizuri mpaka asubuhi nilipokwenda kuuliza. Hapakuvuja.

Siku ya pili ya Idi nilikwenda kuchukua kilichobaki cha ujira wangu. Nyumbani kwa shemeji yake walikuwa wanapaka chokaa kile chumba, tayari kwa harusi. Bi Raya alikuwa barazani na kikaango chake, watoto wamevaa nguo mpya. Akaninawisha, akanipa chai na mkate wa kumimina, akaingia ndani akatoka na bahasha.

Nilihesabu. Ilikuwa pungufu, na upungufu wenyewe haukuwa wa mamia au maelfu kamili. Nikanyanyua macho.

"Nimekata mawe uliyoyazika yasiyong'oleka," alisema. "Nimekata mifuko tisa ya pale pale nyuma. Siku zako za kazi nimekulipa zote, umefanya kazi. Na nimekata nauli ya Konde, kwenda na kurudi. Siku ile sikuwa na samaki. N'likwenda kwa ajili yako tu."

Nikamaliza chai, nikamwombea dua ya nyumba, nikapanda baiskeli. Ile ya mawe na saruji ilikuwa fedha nyingi, na leo ukiniuliza ilikuwa kiasi gani sikumbuki. Nauli ilikuwa ndogo mno, haifiki hata bei ya vitumbua vya mtu mmoja. Hiyo naikumbuka mpaka senti ya mwisho, na hiyo ndiyo inayoniuma.